Jibu refu: Kutembea bonde la Verzasca kwa siku moja, kutoka Sonogno hadi Tenero

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba utakuwa Zurich kikazi, kwamba Jumamosi moja wewe na mkeo mtakuwa huru, na kwamba mnataka kuteremka kwa miguu katika bonde la Verzasca, jimbo la Ticino, kuanzia kijiji cha Sonogno hadi Tenero, kisha mrudi siku hiyo hiyo. Mchangiaji mmoja hapo juu amekuhakikishia kuwa njia yote ni mteremko mtupu. Mimi naishi Uswisi na bonde hilo nimelitembea katika majira tofauti, kwa hiyo naomba kumrekebisha kwa heshima: nusu ya kwanza ni kama alivyosema, lakini nusu ya pili ina milima yake, na hiyo ndiyo inayowashinda watu wengi.

Ukiangalia ramani utadanganyika kirahisi, kwa sababu Sonogno iko mita 918 juu ya usawa wa bahari, Lavertezzo, kijiji kilicho katikati ya njia, mita 536, na Tenero iko karibu kabisa na Ziwa Maggiore, ambalo liko chini ya mita 200. Hesabu hiyo inaonyesha kushuka tu. Isichoonyesha ni bwawa. Karibu na mdomo wa bonde upo ukuta wa zege wenye kimo cha mita 220, uliojengwa kati ya mwaka 1961 na 1965 kwa ajili ya umeme, na maji yaliyozuiwa nyuma yake yameijaza sehemu ya chini ya bonde kwa kilomita kadhaa. Mto haufuatiki tena hapo. Njia inalazimika kupanda kwenye ubavu wa mlima, kupita kijiji cha Corippo chenye mita kama 560 na kwenda Mergoscia chenye zaidi ya mita 700, huku ikiingia na kutoka katika mabonde madogo ya pembeni, kila moja likiwa na mteremko wake na mpando wake. Miguu iliyokwisha kushuka tangu asubuhi huupokea mpando huo kwa shida.

Safari yenyewe ianze mapema sana. Treni kutoka Zurich hupita chini ya milima ya Gotthard, katika handaki la kilomita 57 lililofunguliwa mwaka 2016, na kufika Ticino huchukua takribani saa mbili. Baada ya hapo mtapanda basi la njano la posta, ambalo hupinda kona nyingi hadi mwisho wa barabara, yaani Sonogno. Msipoondoka Zurich alfajiri, mtaanza kutembea jua likiwa limeshapanda, na safari nzima hadi Tenero haitawezekana bila kukimbizana na giza. Vibao vya njano mtakavyoviona njiani huandika muda, si kilomita, na muda huo ni wa mtu anayetembea bila kupumzika, kwa mwendo wa kilomita 4 na kidogo kwa saa mahali tambarare. Kwa mtu asiyezoea milima, ongezeni angalau theluthi moja.

Kutoka Sonogno hadi Lavertezzo, mkipita Frasco, Gerra na Brione, ni kilomita zipatazo 14, na hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo. Nyumba zimejengwa kwa mwamba uleule mnaoukanyaga, aina ya mwamba unaopasuka kwa mabamba, na ndiyo maana hata mapaa ni mawe bapa yaliyopangwa juu ya maboriti mazito. Ardhi tambarare ilikuwa haba mno, kwa hiyo kila mahali palipoweza kulimwa palijengewa kuta za mawe kushikilia udongo, na nyumba zikasukumwa kwenye miamba. Naomba sana msiyapite maboma hayo kwa haraka. Wenyeji wa zamani hawakukaa mahali pamoja mwaka mzima: majira ya baridi waliteremka na mifugo hadi uwanda wa Magadino, ambako walikuwa na mizabibu, wakarudi vijijini masika, na kiangazi wakapanda malishoni juu kabisa. Njia hizi walizipita na ng'ombe, mbuzi na watoto, mizigo ikiwa mgongoni. Karne ya 19 umaskini uliwafanya wazazi kuwapeleka wavulana wadogo kaskazini mwa Italia kusafisha mabomba ya moshi, kwa sababu mwili wa mtoto uliweza kupenya ndani. Nikilikumbuka hilo, ngazi za mawe ninazozikanyaga huwa na uzito mwingine kwangu.

Sasa kuhusu mwili. Mimi nilikulia Lushoto, na watu wa kwetu hatuogopi kupanda; kinachotuumiza huku ni kushuka kwa saa nyingi juu ya mawe yasiyolingana. Magoti ndiyo huanza kulalamika, hasa baada ya Brione. Fimbo mbili za kutembelea zitamsaidia mkeo kuliko kitu kingine chochote, na viatu viwe vyenye soli inayoshika, kwa kuwa mawe hayo yakilowa huteleza vibaya. Maji ya kunywa si tatizo kubwa, kwani vijiji vina mabomba ya mawe yanayotiririka muda wote. Epukeni tu yale yaliyoandikwa «non potabile», yaani maji yasiyofaa kunywa.

Mto wa kijani mtakaouona Lavertezzo, chini ya daraja la kale la matao mawili, utawavuta kuingia. Mwaka 2017 video moja ilienea mtandaoni, na tangu wakati huo siku za kiangazi umati huwa mkubwa sana pale. Maji ni baridi hata mwezi wa Agosti, yana mikondo ya nguvu iliyojificha kati ya miamba iliyolainishwa, na watu wamekufa humo. Kuloweka miguu ukingoni kunatosha. Mvua ya radi ikianza kunyesha milimani, hata kama mlipo ni pakavu, tokeni mtoni mara moja, kwa sababu mto huo hujaa ghafla.

Ushauri wangu ni kwamba uamuzi ufanyike Lavertezzo, si Zurich. Mkifika hapo kabla ya saa saba mchana na mkeo bado ana nguvu, endeleeni hadi Corippo, kijiji ambacho kabla ya kuunganishwa katika manispaa mpya ya Verzasca mwaka 2020 kilikuwa manispaa yenye watu wachache kuliko zote Uswisi, na ambako sasa baadhi ya nyumba za kale zimegeuzwa kuwa hoteli. Mkichelewa, pandeni basi palepale, wala msihisi kuwa mmepungukiwa, kwani sehemu iliyo bora mtakuwa mmeshaiona. Kuanzia Corippo kwenda mbele njia ni nyembamba, bonde liko chini kabisa upande mmoja, majani makavu ya msitu wa miti ya chestnati hufunika mawe, na ni mahali pa kutembea mtu akiwa na utulivu, si akiwa amechoka na anatazama saa.

Mergoscia kuna basi la kuteremka kuelekea Locarno, kwa hiyo hata hapo mnaweza kukatiza safari. Wanaoendelea hadi Tenero watakuta kituo cha treni, na kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Bellinzona, ambako treni za Zurich husimama. Kabla ya kuondoka, hakikisheni mmesoma ratiba ya basi la mwisho la bondeni na matangazo ya njia zilizofungwa, kwani maporomoko ya mawe hufunga vipande vya njia mara kwa mara, na mhifadhi kwenye simu namba 1414 ya uokoaji wa angani.