Rozimeri yangu inakauka, niongeze maji?

SWALI: Shikamoo Bibi Bustani. Nakaa Sinza, ghorofa ya tatu. Nilinunua mche wa rozimeri kwa wauza maua wa barabarani, ukiwa unanukia vizuri kweli. Nikauhamishia kwenye chungu cha plastiki cha urembo kisicho na matundu, nikajaza udongo mweusi na samadi ya kuku, nikauweka jikoni. Namwagilia asubuhi na jioni. Sasa majani ya chini ni ya kahawia na yanapukutika, ncha zimelala. Ni joto la Dar? Niongeze maji? Nilitaka ya kupikia na ya nywele.
Mpenda Mimea, Sinza

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiongeze hata tone. Huo mmea unakufa maji. Mizizi ikiloa muda wote hukosa hewa, ikaoza, na iliyooza hainyonyi kitu. Ndiyo maana juu kunakauka wakati chini ni tope, nawe ukiona pamekauka unarudi na jagi.

Joto lisikutishe. Asili ya rozimeri ni kandokando ya bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawe na kiangazi kikavu. Inachokichukia pwani kwetu ni unyevunyevu na hewa iliyosimama. Mimi mzaliwa wa Lushoto, na kule inajiendea yenyewe uani. Hapa Tanga ninakoishi inataka jicho.

Ing'oe leo uitazame mizizi. Ikiwa mingi bado ni myeupe na migumu, kata iliyolainika na kunuka, uipande upya. Ikiwa yote imeoza, usipoteze muda nayo, okoa matawi. Chagua ncha changa ambazo bado ni kijani, urefu wa sentimita 10 hivi, kata chini kidogo ya kifundo (pale majani yanapochomoza), pukutisha majani ya nusu ya chini, kisha chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8, kwa hiyo usivivute vipandikizi hivyo kila asubuhi kuvichungulia. Chomeka vingi, maana vingine vitakufa tu. Mbegu achana nazo: huota kwa shida na kwa kuchelewa.

Chungu kiwe cha udongo, chenye tundu chini. Hicho cha urembo weka vijiko. Changanya udongo wa kawaida na mchanga wa mto, nusu kwa nusu, na mboji konzi moja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache hukohuko. Na samadi ya kuku, hasa mbichi, peleka kwenye mchicha. Rozimeri haina ulafi huo.

Jikoni iondoe. Iweke kibarazani ipate jua la moja kwa moja angalau saa 6 kwa siku, na upepo upite. Kabla ya kumwagilia, zamisha kidole hadi kifundo cha pili: ukikuta unyevu, ondoka. Pakiwa pakavu, mwaga mpaka maji yatoke chini, halafu umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Masika isogeze chini ya paa.

Ikishanawiri, vuna ncha, usizidishe theluthi ya mmea kwa mara moja. Usikate kwenye shina kuukuu lisilo na majani, kwa kawaida halichipui tena. Vijiti viwili vinatosha mguu wa mbuzi wa kuoka. Ukizidisha, nyama itanuka dawa.

Kuhusu nywele, utafiti wa 2015 unaosambazwa sana mitandaoni ulihusu mafuta ya rozimeri, yaliyopakwa kwa miezi 6 na wanaume wenye upara wa kurithi. Maji ya kuchemsha ni habari nyingine. Ukipenda suuzia, yananukia vizuri, ila usiyaweke wiki nzima mezani, yanachacha. Na mpaka vipandikizi vikue, nunua fungu sokoni, usiunyonyoe huo mgonjwa.