ULIZA MBUNIFU: Chumba cha VIP kina kazi gani siku ya Jumanne?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya michezo ya mtaa wetu, huku Chanika. Tulipohamia palikuwa mikorosho na miembe. Leo huoni ila mabati. Kiwanja kimebaki kimoja, mita 120 kwa 78, marefu yake yanakwenda kaskazini na kusini. Wanakichezea vijana timu mbili, maveterani, na dada zetu wa netiboli. Tumechanga, na mdau mmoja ameahidi bati. Kijana wa hapa ametuchorea jengo la ghorofa: juu jukwaa na chumba cha VIP, chini ukumbi wa kukodisha. Kamati imegawanyika. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mchoro nimeutazama, na kijana ana mkono mzuri. Ila amechora siku ya fainali, ambayo kwa mwaka ni moja, na mgeni rasmi mwenyewe huwa anachelewa. Mimi ningeanza na Jumanne saa kumi jioni. Nani yupo kiwanjani? Dada ametoka kibaruani anatafuta pa kubadili nguo. Mtoto ana kiu. Mzee wa veterani hana pa kuweka simu. Na mwenye nyavu hajafika, kwa sababu nyavu zinalala kwake.

Haya siyasemi kwa ujanja, nimeyalipia. Niliwahi kuchora banda kama lenu, mahali nisipopataja: vyumba viwili vya kubadilishia, korido moja, mlango wa nje mmoja. Tuliokoa ukuta mzima, nikajisifu. Wachezaji wa kike hawakuingia humo hata siku moja. Waliendelea kuzungushiana kanga nyuma ya mwembe, kama vile sijajenga kitu.

Kwa hiyo ghorofa futeni. Jengeni banda la chini, mita 20 kwa 8. Vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake, na milango isitazamane. Choo na maji viwe ndani ya kila chumba. Katikati stoo yenye mlango mpana, iingie mashine ya kukata nyasi na mifuko ya chokaa. Mbele, ngazi tatu za zege za kukalia, kina sentimita 80 kila moja. Mtu mmoja anakula nusu mita, basi kila ngazi inabeba 40, jumla 120. Wengine watasimama, kama kawaida yetu. Sakafu ikipanda sentimita 45, njia ya kiti cha magurudumu iwe na urefu usiopungua mita 5.4. Fundi atataka kuifupisha, msimruhusu.

Banda likae wapi? Upande wa magharibi, likitazama mashariki. Mechi zetu ni za jioni, jua liwapige mgongoni, tena mgongoni pawe na ukuta wa tofali za matundu ili upepo upite. Shida ni masika: mvua ya kusi itawajia kwa mbele, upande wa kulia. Paa litokeze mita moja na nusu, na ukuta wa mwisho wa kusini uvutwe hadi usawa wa ngazi ya kwanza.

Kuna mtu atawaambia uwanja lazima uwe mita 105 kwa 68. Hicho ni kipimo cha viwanja vikubwa. Sheria za mpira zinakubali urefu kuanzia mita 90 na upana kuanzia 45. Chukueni 92 kwa 60. Magharibi mnabakiwa na mita 14 za banda na njia, mashariki 4. Kwa urefu mnabakiwa na 28: kusini acheni 4, kaskazini 24, na hapo uwanja wa netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, unalala vizuri kwa mapana nyuma ya goli. Wekeni wavu mrefu kati ya goli na netiboli, maana mashuti ya vijana wetu mnayajua.

Bati la mdau ndilo litakalowapa maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenu, bila kuhesabu kilichotokeza, ni mita za mraba 160, basi mvua ya milimita 30 inaleta lita 4,800. Toeni zinazomwagika, simtanki la 5,000 limekaribia kujaa. Mmwombe mdau na gata. Bati bila gata ni kuchimba korongo kwenye kona ya goli.

Na msiache nondo zikichungulia angani eti ghorofa itakuja. Nimeona nyingi zimeota kutu hadi zikapasua nguzo.

Kabla ya yote hayo, wewe na mwenyekiti wa mtaa nendeni ofisi ya mipango miji ya halmashauri, muone kwenye ramani kiwanja kimeandikiwa matumizi gani. Watoto wanaweza kuchezea mahali miaka mingi, kumbe kwenye karatasi ni viwanja vya makazi. Mkikuta ni eneo la wazi au la michezo, ombeni kibali cha ujenzi. Kisha mvua kubwa ikikatika, nipigie picha ya kiwanja kutoka pembe zote nne, nione maji yanasimama wapi. Msingi usichimbwe kabla sijaiona.