Barua kwa Mwanangu Kabla Hajapaka Rangi Chumba cha Mtoto

Mwanangu mpendwa,

Nimeupata ujumbe wako unaouliza kama wewe na mkeo mnaweza kupaka rangi chumba cha mjukuu wangu wenyewe bila kumwita fundi, na ni rangi gani itakayoyafunika yale madoadoa meusi yaliyo nyuma ya kabati. Swali la kwanza halina uzito: mnaweza. La pili ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu ukuta wenye madoadoa hautibiwi kwa rangi kabla haujajulikana unaugua nini.

Nasema hivi kwa kuwa nimewahi kukosea. Ulipokuwa darasa la kwanza, niliyafunika madoa ya namna hiyo kwa koti mbili za rangi ya maji kwa sababu shangazi yako alikuwa anakuja kututembelea na sikutaka ayaone. Masika yalipoingia rangi ikavimba kama andazi, ikabanduka vipande vipande, na wewe ukakohoa mpaka mvua zilipokatika.

Basi fanya hivi kwanza. Kata kipande cha nailoni safi chenye ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, kibandike juu ya sehemu yenye madoa kwa tepe, uzibe kingo zote nne, kisha ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe: huenda ni bomba la bafu lililo upande wa pili, mfereji wa paa ulioziba, au ufa wa nje unaoingiza mvua. Yakitokea upande unaotazama chumba, ukuta ni mzima ila ni baridi, na mvuke wa pumzi za wanaolala humo unaganda juu yake, hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo Nairobi hupitisha siku nyingi bila jua na kila mtu hufunga madirisha. Hali hii ya pili haina gharama kubwa. Sogeza kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, fungua dirisha kila asubuhi, na usianike nguo humo. Ile ya kwanza itahitaji fundi wa bomba au wa mawe, na hapo usijaribu kubana matumizi. Tulikaririshwa darasani methali ya ufa na ukuta kana kwamba ni hekima ya kuandikia insha, kumbe ni maelekezo ya kazi.

Chanzo kikishaondolewa, osha ukungu kwa jiki iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi, na usiichanganye kamwe na sabuni ya choo au dawa nyingine yoyote, kwa maana hewa inayotoka huko huchoma mapafu. Uache ukuta ukauke kabisa.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Nyumba yenu ni ya zile za Buruburu zilizojengwa miaka ya 1970, na mlango na fremu za dirisha zimepakwa rangi ya mafuta mara nyingi, moja juu ya nyingine. Rangi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi kwa wingi. Siku hizi kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 90 tu katika milioni. Mtoto mdogo anayemeza vumbi la rangi hiyo hufyonza risasi mara nne au tano kuliko mtu mzima, nayo huidhuru akili yake bila kuonyesha dalili mapema. Kwa hiyo usipige msasa mkavu wala usichome rangi hiyo kwa moto. Palipo imara, paosheni, mpake andakoti, yaani rangi ya kutangulia, juu yake. Palipobanduka, tumia msasa wa maji, ukiulowesha kila mara, na uokote mabaki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Mkeo, kwa hali aliyo nayo, asikaribie kazi hiyo, na mtoto alale kwetu.

Kuhusu kiasi: chumba cha mita tatu kwa tatu, ukitoa mlango na dirisha, kina ukuta wa mita za mraba 27 hivi. Lita moja hupaka kama mita za mraba 10 kwa koti moja, kwa hiyo kwa koti mbili utahitaji lita tano na nusu. Nunua kopo la lita nne na mawili ya lita moja, yote ya rangi ya maji na yenye namba ile ile ya mchanganyiko, la sivyo ukuta utakuwa na mabaka. Soketi usiziguse, umeme ni kazi ya fundi. Kabati nalo lifungeni ukutani kwa skrubu, maana huyo mjukuu wangu amekwisha jua kupanda droo.

Ngazi usinunue, ninayo. Niambie nailoni imeonyesha nini, nije nayo Jumamosi.

Mama yako