Pengo la stoo usilizibe kwa kalamu

Nilipokuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kila mwisho wa mwezi tulifanya hesabu ileile: kilichokuwepo, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, kisha linganisha na kilichomo chumba cha baridi. Mwezi mmoja zikapungua kilo 200 na ushee. Nikaambiwa nisawazishe, niandike ni maji yamechuruzika. Nikaandika.

Mwezi uliofuata pengo likakua, na wakata minofu wakaanza kupekuliwa getini. Akina mama wenye wajukuu wakikung'utwa vitenge mbele ya walinzi! Kumbe tulikuwa tumenunua kreti mpya, nzito kuliko za zamani, na mizani ya mapokezi iliendelea kupunguza uzito wa zile za zamani tu. Tulilipia plastiki tukidhani ni samaki. Mpaka leo nikikutana na mmoja wa wale mama pale Kirumba, namwamkia huku nimeinamisha uso.

Baadaye nilisoma jinsi viwanda vya nyuklia vinavyohesabu mali yao. Fomula yao ni hiyohiyo ya stoo, ila kosa lao lina uzito mwingine: Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, huhesabu kilo 8 za plutoniamu kuwa kiasi ambacho mtu akikipata, uwezekano wa kuunda bomu hauwezi kupuuzwa. Hata hivyo hawategemei pengo liwe sifuri. Hukokotoa kwanza vipimo vyao vinaweza kukosea kwa kiasi gani, ndipo wanaliangalia pengo. Huko Tokai, Japani, mwaka 1994 ilijulikana kwamba kilo 70 hivi za plutoniamu zilikuwa zimeng'ang'ania ndani ya vifaa vya kiwanda cha fueli ya nyuklia. Hazikuwa mfukoni mwa mtu.

Habari ya Sellafield, Uingereza, ndiyo iliyonigusa zaidi. Katika kiwanda cha THORP, kilichokuwa kikichakata upya fueli ya nyuklia iliyotumika, bomba lilivunjika ndani ya chumba ambacho watu hawaingii, na lita 83,000 hivi za asidi yenye tani 20 za urani na kilo 160 za plutoniamu zikamwagika kwa miezi kadhaa. Hesabu zilikuwa zimeshaonyesha kwamba kilichofika tangini hakilingani na kilichoingia. Aprili 2005 wakapeleka kamera, wakakuta kimiminika kimejaa sakafuni. Sakafu ilikuwa ya chuma cha pua, hakikutoka nje.

Kwa hiyo mwenzangu, pengo likitokea liandike lilivyo, kwa tarehe na sahihi yako, hata bosi akinuna. Kapime mizani kwa jiwe la uzito unaoujua. Kagua mashine, mifereji, barafu, mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) yaliyotoka bila karatasi. Mtu awe wa mwisho kushukiwa. Na kesho asubuhi, kabla gari la kwanza la samaki halijashusha, weka kreti tupu juu ya mizani usome inasemaje.