Maswali yenu: Kafyu imetoka wapi?

Mwalimu wetu alisema "curfew" ni neno la Kifaransa. Mbona halina sura ya Kifaransa hata kidogo? (Nakuru)

Mwalimu yuko sawa. Sura ndiyo iliyochakaa. Kifaransa cha kale kilikuwa na "cuevrefeu", yaani funika moto: "couvrir" ni kufunika, "feu" ni moto. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoitwaa Uingereza mwaka 1066 chini ya William, lugha yao ikawa ya mabwana na mahakama. Waingereza wakalishika neno, wakalisaga mpaka likawa hili tulilonalo.

Na moto wenyewe ulikuwa moto kweli. Nyumba za mijini enzi hizo zilikuwa za mbao, nyingi zimeezekwa nyasi, tena zimebanana. Jioni, mara nyingi saa mbili, kengele ililia. Mwenye nyumba alikusanya makaa, akayafukia kwa majivu, na mwenye uwezo akaweka juu yake kifuniko cha chuma au cha udongo, ambacho nacho kiliitwa kwa jina hilohilo. Usiku cheche haziruki, asubuhi makaa yangali hai, ni kupuliza tu. Aliyelelewa kwenye jiko la mafiga hahitaji kuelezwa zaidi.

Nimesoma kwamba mfalme William aliileta sheria hiyo ya kufunika moto ili Waingereza wasikutane usiku kumlia njama. Ni kweli?

Hadithi hiyo ni ya karne nyingi, nami naipokea nusu. Mtawala mgeni hupenda watu walale mapema, hilo halina ubishi. Lakini kengele kama hizo zililia Ulaya bara pia, kwa watu ambao William hakuwahi kuwatawala. Hofu ya moto peke yake yatosha. Huko Wallingford, kusini mwa Uingereza, kengele ya jioni imekuwa ikilia saa tatu badala ya saa mbili. Wenyeji husema William aliwaongezea saa moja kwa sababu walimpokea bila vita.

Basi ilikuwaje ikawa mambo ya askari na virungu?

Moto ukishafukiwa, kunabaki giza, na aliyekutwa njiani baada ya kengele alionekana ana lake jambo. Taratibu kengele ikawa saa ya kuwa ndani, na kufikia karne ya 19 maana ya amri ya serikali ilikuwa imeshika. Wafaransa nao wakaishia hapohapo. Oktoba 1961 polisi wa Paris, chini ya Maurice Papon, waliwataka Waalgeria wasionekane barabarani kuanzia saa mbili na nusu usiku. Tarehe 17 wakaandamana kuipinga amri hiyo, na wengi wakauawa. Jina la amri? "Couvre-feu", funika moto. Kafyu yetu ya Kenya ya mwaka 2020, iliyoanza Machi 27 saa moja jioni, ni mjukuu wa kengele ileile.

Sisi Bukavu tunasema "couvre-feu". Ni kitu kimoja?

Kimoja. Nyinyi mmelipata kwa Wabelgiji likiwa zima, sisi kwa Waingereza likiwa limeshasagwa.

"Marufuku ya kutotoka nje" ni Kiswahili sanifu?

Hapana, ingawa watangazaji hawachoki kuisema. Ukipiga marufuku kutotoka, umewaamuru watu watoke! Sema "amri ya kutotoka nje" au "marufuku ya kutoka nje". Au sema kafyu, hakuna atakayekuuliza.

Kuna neno jingine la Kiingereza lililotokana na huku kufunika?

Lipo, tena limejificha vizuri: "kerchief", kutoka "couvre-chef", funika kichwa. Waingereza wakakishusha kitambaa hicho hadi mkononi, wakakiita "handkerchief". Leso yetu, tuliyoipata kwa Wareno, ilikwenda njia ya kinyume: ilianza kama kitambaa cha mkononi, wanawake wa pwani wakaunganisha vipande kadhaa kwa sindano, wakajifunga na kujitanda.