Joto la Kiini cha Dunia Limejulikanaje?

SWALI: Kitabu cha jiografia cha mwanangu kinasema joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kwenda chini. Nikizidisha hadi katikati ya dunia napata zaidi ya nyuzi 150,000. Kitabu hichohicho kinasema kiini kina nyuzi 5,000 na ushei, tena ni kigumu. Nishike lipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kuzidisha umezidisha sawasawa, ila kipimo hicho ni cha tabaka gumu la juu tu. Huko mwamba umetulia, joto linapenya polepole, na tofauti kati ya juu na chini inakuwa kubwa. Chini zaidi mwamba wenyewe hujongea, wa moto ukipanda na uliopoa ukishuka, na ongezeko hushuka hadi chini ya nyuzi moja kwa kilomita.

Hakuna aliyefika kiinini. Kisima cha Kola, Urusi, kiliishia mita 12,262, na katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Habari tunazipata kwa mawimbi ya matetemeko. Yale yanayotikisa kiubavu hayapiti kwenye majimaji, nayo hukomea kilomita 2,890: hapo ndipo unapoanza kiini cha nje, chuma na nikeli iliyoyeyuka. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark alichunguza mawimbi yaliyojitokeza mahali yasipotarajiwa, akaonyesha kwamba ndani yake kuna kiini kingine. Mpaka wake uko kilomita 5,150.

Mpaka huo ndio kipimajoto chetu. Upande mmoja chuma kigumu, wa pili majimaji. Basi joto la hapo ni lile la chuma kuyeyuka chini ya mgandamizo wa zaidi ya mara milioni 3 ya hewa tunayovuta. Maabara hubana chembe ya chuma kati ya ncha mbili za almasi, huichoma kwa leza, na kuimulika kwa eksirei hadi mpangilio wa fuwele utoweke. Ukitegemea macho utadanganyika: uso wa chuma huanza kujipanga upya kabla haujayeyuka, na vipimo vya zamani vilitoka chini kwa sababu hiyo. Jaribio la Grenoble, Ufaransa, lililotangazwa 2013, lilikadiria kama nyuzi 6,000 za Selsiasi, pungufu au zaidi kwa 500. Kiini si chuma kitupu, na vitu vyepesi vilivyochanganyika humo hushusha kiwango cha kuyeyuka. Ndiyo maana vitabu huandika 5,000 na ushei.

Na ugumu? Kadiri unavyoshuka, mgandamizo hupandisha kiwango cha kuyeyuka haraka kuliko joto lenyewe linavyopanda. Ndani ni moto zaidi, lakini haujatosha kuyeyusha.

SWALI: Mvuke wa ardhini unaozalisha umeme pale Olkaria, Kenya, unatoka kiinini? – Msomaji, Naivasha

JIBU: Hapana. Visima vya pale ni vya kilomita chache tu, na joto lake ni la magma iliyopanda chini ya Bonde la Ufa. Magma hiyo ni mwamba ulioyeyuka wa tabaka lililo juu ya kiini. Chuma cha kiini chenyewe ni kizito mno kupanda hadi huku.