Kabla hujanunua RAM, fungua boksi uangalie

Ndugu, kama kompyuta yako ya mezani ya 2012 ina GB 2 za RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayofanyia kazi, na inakokota ukifungua kurasa tatu tu, ongeza RAM, ila usikimbilie dukani. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, toa kijiti cha RAM usome karatasi iliyobandikwa juu yake. Ikiandikwa PC3, hiyo ni RAM ya aina ya DDR3. DDR4 haiingii hata uilazimishe, pengo lake limekaa kwingine. Mimi kila mara nakwenda dukani na kijiti cha zamani mkononi, maneno matupu hayaaminiki. Na Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, kwa hiyo ukiweka 8 badilisha iwe ya biti 64. Yangu iligoma kuwaka, kumbe sikukisukuma kijiti kipya mpaka vibanio vilie “ta!”